RX 580 au GTX 1660 Super: tuzipime kwa fremu, kwa wati na kwa LUKU

#1 – Mleta uzi

Habari zenu wakuu.

Swali la "nina hela ya kadi moja ya mtumba ya picha (GPU) kwa ajili ya gemu, nibebe RX 580 ya AMD au GTX 1660 Super ya NVIDIA?" limeulizwa humu hadi limechakaa, na majibu ni yale yale mawili: beba 580 ina memori ya GB 8, au beba NVIDIA maana AMD zinachemka. Yote yana ukweli kidogo, ila hakuna linalomsaidia mtu mwenye kompyuta ya ofisi iliyostaafu, pawa saplai ya kubahatisha na LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) inayolia pipipi. Ndiyo maana naufungua uzi huu. Tuzichambue hizi mbili tu. Mambo ya kadi mpya zaidi kama RTX 4060 yana nyuzi zake.

RX 580 ilitoka Aprili 2017, ile ya GB 8 ikitangazwa kwa dola 229. GTX 1660 Super ilitoka Oktoba 2019, nayo kwa dola 229. Bei ya uzinduzi ni moja, ila kati yao imepita miaka miwili na nusu, na kwenye chipu huo ni muda mrefu sana. 580 ina koa (viini vya kuchakata) 2304 na GB 8 za memori aina ya GDDR5 zinazopitisha data GB 256 kwa sekunde. 1660 Super ina koa 1408 na GB 6 za GDDR6 zinazopitisha GB 336 kwa sekunde. Usione 2304 na 1408 ukadhani mechi imeisha. Koa za kampuni mbili hazihesabiki kwa kipimo kimoja.

Tuje kwenye fremu, yaani picha ngapi kadi inatoa kwa sekunde. Kwenye 1080p, setingi za juu, ukichukua wastani wa gemu nyingi, 1660 Super inaiacha 580 kwa kama robo hadi theluthi. Pale 580 inapokupa fremu 60, tegemea 75 hadi 80 kwa mwenzake. Pengo halikai sehemu moja: gemu za DirectX 11 linapanuka, za Vulkan na DirectX 12 mara nyingi linapungua (hizi ni njia ambazo gemu inaongea na kadi). Wachezaji wa gemu ya mpira ya EA FC, ambao najua ndio wengi humu, FC 24 iliorodhesha RX 570 kama kiwango cha chini kabisa na GTX 1660 kama kadi inayopendekezwa. Maana yake zote mbili zinacheza, tofauti ni unacheza kwa raha kiasi gani.

Sasa wati. AMD waliipa 580 kiwango cha wati 185, NVIDIA wakaipa 1660 Super wati 125. Piga hesabu: 580 inakula karibu nusu zaidi na inatoa fremu chache zaidi. Kwa kila wati moja, 1660 Super inakupa karibu mara mbili ya fremu. Hilo ndilo pengo kubwa kati ya hizi kadi, kubwa kuliko lile la fremu ambalo watu wanalipigia kelele.

Kwa nini iwe hivyo? Sehemu ya jibu ni kiwanda: 580 ni nanomita 14 za GlobalFoundries, 1660 Super ni nanomita 12 za TSMC. Lakini sehemu nyingine ni tamaa. RX 580 kimsingi ni RX 480 ya mwaka 2016 iliyokazwa nati. 480 ilikuwa inafika MHz 1266 kwa wati 150. AMD wakaisukuma hadi MHz 1340, na kiwango kikapanda hadi wati 185. Yaani spidi imeongezeka asilimia 6 hivi, umeme asilimia 23. Chipu ikishavuka spidi inayoipenda, kila MHz ya ziada inadai volteji, na volteji ndiyo inayokula umeme. Watengenezaji wengine nao wakaikaza tena juu ya hapo ili waandike OC (imekazwa spidi) kwenye boksi. Ndiyo maana kuna 580 zinazovuka wati 200.

Wengi wakifika hapa wanarukia LUKU. Haya tupige. Tofauti ya wati 60, unacheza saa 4 kila siku, kwa mwezi ni uniti 7.2. Kwa wa T1 (tarifa ya kawaida ya TANESCO), wale ambao elfu kumi inawapa uniti 28 na ushee, uniti moja ni kama shilingi 356. Kwa hiyo unazungumzia kama 2,560 kwa mwezi, kama 31,000 kwa mwaka, na hapo umecheza kila siku bila kukosa. Ni hela, ila tusidanganyane: ukikuta 580 inauzwa nusu ya bei ya 1660 Super, LUKU peke yake itachukua muda mrefu kuifidia hiyo tofauti. Anayekwambia usinunue 580 kwa sababu ya bili ya umeme hajakaa na kikokotoo.

Wati zinauma kwingine. Kila wati inayoingia kwenye kadi inatoka kama joto, na linatoka ndani ya chumba chako. Wati 185 kwenye chumba cha Dar mwezi wa pili, bila AC, mlango umefungwa kwa sababu ya mbu, unazisikia. Feni inapanda, kelele inapanda, kadi ikifika kikomo cha joto inapunguza spidi, na zile fremu ulizoziona YouTube huzipati. Halafu kuna pawa saplai, ambayo ndiyo hasa inayoamua, na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika). VA si wati: UPS nyingi za 650VA zinaishia chini ya wati 400. Umeme ukikatika katikati ya gemu, mashine yenye 580 inaweza kuilaza UPS kabla hujasevu.

Msimamo wangu: kwa mwenye pawa saplai dhaifu, chumba cha joto au umeme wa kukatika, 1660 Super, hata kama itabidi asubiri mwezi mmoja kuongeza hela. Mwenye pawa saplai ya kueleweka na bajeti imebana, 580 haijafa. Karibuni tubishane.

#2

Mkuu uzi umeshiba, ila 580 umeionea. GB 8 umezipitia juu juu kama hazipo. Gemu za sasa GB 6 zinajaa hata 1080p. Mimi natumia 580, tekscha naweka juu kabisa, hamna kukwamakwama. Jamaa yangu ana 1660 Super, kwenye baadhi ya gemu ikijaa inaanza kushtukashtuka. Fremu za wastani nyingi zina faida gani kama picha inaganda?

#3 – Mleta uzi

Chifu, hapo una hoja. Tekscha (picha za juu ya vitu ndani ya gemu) zinakula VRAM tu, yaani memori ya kadi, nguvu ya chipu haziigusi sana, kwa hiyo 580 ya GB 8 inaweza kuweka tekscha za juu bila kuumia. Kwenye 1660 Super unashusha tekscha ngazi moja na kushtuka kunaisha, ila ni kweli umeshusha.

Tatizo langu ni kwamba gemu mpya hazidai VRAM peke yake. Alan Wake 2 ilipotoka Oktoba 2023 ilijengwa kwa kutegemea mesh sheda, njia mpya ya kuchora maumbo ambayo chipu lazima iwe nayo. Turing, familia ya chipu ya 1660 Super, inazo, kwa hiyo 1660 Super inazo. Polaris, familia ya 580, haina, na GB 8 haziwezi kuziba hilo. Upande wa draiva nako: tangu mwishoni mwa 2023 AMD wameihamishia Polaris kwenye tawi la pembeni, ambalo hasa ni la kurekebisha usalama na hitilafu. NVIDIA nao mwaka 2025 walitangaza kufunga ukurasa wa draiva za gemu kwa familia zake za zamani za Maxwell, Pascal na Volta, lakini Turing imebaki ndani. Kadi ya 2019 bado inahudumiwa kama kadi hai.

Na ili nisionekane shabiki: kuna mlango ambao zote mbili zimefungiwa nje. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 zinataka RT (ray tracing, kukokotoa mwanga kihalisia) ya kwenye maunzi. 1660 Super haina koa za RT, na DLSS (teknolojia ya NVIDIA ya kuongeza fremu kwa kukuza picha ndogo) pia haina, japo ni NVIDIA. Muuzaji akikwambia "hii ina DLSS", muulize ipo wapi.

#4

Wakubwa shikamooni. Nina Dell OptiPlex 9020 mnara, i5-4590, RAM 16. Fundi anasema ataniwekea RX 580 na adapta ya kutoa umeme kwenye waya za SATA kwenda pini 8. Anasema wateja wake wote wanafanya hivyo. Nimpe hela?

#5 – Mleta uzi

Marahaba dogo. Usimpe.

Hiyo 9020 ya mnara ilitoka kiwandani na pawa saplai ya wati 290, na haina waya wa pini 6 wala 8 wa kadi. Plagi ya SATA imeruhusiwa ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Pini 8 ya kadi imeundwa kubeba hadi wati 150. Ukiunganisha plagi moja ya wati 54 na kadi inayotaka kuvuta zaidi ya wati 100 kupitia waya huo huo, plastiki inaanza kulainika, na hutajua mpaka unuse. Adapta zenye plagi mbili za SATA zina unafuu wa makaratasi tu, maana mara nyingi plagi zote mbili zinatoka kwenye waya mmoja.

Njia sahihi ni pawa saplai mpya ya kawaida ya ATX, wati 450 hadi 500 ya kampuni inayojulikana, pamoja na adapta ya kutoka pini 24 kwenda pini 8 za mazabodi ya Dell, maana 9020 haitumii pini 24. Hiyo adapta ipo na haina shida, usiichanganye na ile ya SATA. Hela ya pawa saplai ihesabu kwenye bajeti ya kadi tangu mwanzo.

Kwa prosesa yako hiyo ya i5, usitegemee maajabu kwenye gemu nzito za sasa. Koa nne bila hyper-threading zinachoka kabla ya kadi. Kwa FC, GTA V na Valorant utafurahi.

#6

Naongezea kwenye hesabu ya LUKU. Mleta uzi umepiga kwa T1, lakini sisi wa D1 (tarifa ya watumiaji wadogo wa majumbani) hesabu yetu ni nyingine kabisa. D1 uniti ni 100 kabla ya kodi, elfu moja unapata uniti 8.2, raha mustarehe, ila mwisho uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, uniti inayofuata ni 350 kabla ya kodi. Ukiwa mtu wa kuvuka kila mwezi wanakuhamishia T1, na kurudi ni shughuli.

Sasa chukua mashine nzima, siyo kadi tu. Yenye 580 nakadiria inavuta wati 280 ukutani ukiwa kwenye gemu, yenye 1660 Super kama 215. Saa 4 kwa siku, mwezi mzima, ya kwanza ni uniti 33.6, ya pili 25.8. Friji, feni, taa na TV zinabaki zinagombania zilizosalia. Kwenye D1 uniti nane si za shilingi mia moja mia moja. Zinaweza kuwa ndizo zinazokuvusha mstari.

#7 – Mleta uzi

Hii nzuri sana kaka, na inabadilisha jibu kwa mtu wa D1. Wewe wa D1 usiangalie tofauti ya elfu mbili na kitu, angalia unakaa umbali gani na 75. Kama mwezi unamaliza na uniti 50, cheza utakavyo na kadi yoyote. Kama unamaliza na 68, 1660 Super, halafu funga fremu kwenye 60. Kadi isipolazimishwa kutoa fremu 110 ambazo monita yako ya 60Hz haizionyeshi, inapumzika, na wati zinashuka zenyewe. Hii ni bure na wengi hawaifanyi.

#8

Salamu kutoka Mombasa ndugu zangu. Nauliza kwa wema tu. Nina 580 na nikiangalia kwenye programu ya AMD nikiwa ndani ya gemu naona wati 130, ikizidi sana 140. Hizi 185 mwazitoa wapi? Mwenzangu mwenye 1660 Super yake yaandika 120. Basi tofauti ni ndogo mno, na tokeni zangu si haba.

#9

Nimjibu huyu wa Mombasa, maana hili linawadanganya watu wengi. Kadi za AMD za kizazi cha Polaris zinaripoti umeme wa chipu peke yake. Memori haimo, feni haimo, na umeme unaopotea kwenye vidhibiti volteji haumo. Upande wa NVIDIA namba unayoiona ni ya kadi nzima. Kwa hiyo 130 yako na 120 ya mwenzako ni namba mbili za vitu viwili tofauti. Ukitaka ukweli tafuta kile kimita cha kuchomeka ukutani, pima mashine yako na yake kwenye gemu moja, setingi moja. Utaona.

#10

Halafu wenye 580 mshushe volteji jamani, ni zawadi imekaa hapo. Kwenye setingi za AMD, sehemu ya kurekebisha kadi, hali ya juu kabisa huwa imewekwa kama milivolti 1150. Shuka taratibu, 1120, 1100, 1080, kila hatua cheza gemu nzito nusu saa. Ikigoma, yaani skrini nyeusi au gemu kujifunga, rudi hatua moja. Nyingi zinakubali 1080 hivi bila kupoteza hata fremu moja. Ukitaka zaidi, punguza na spidi ifike karibu na ile 1266 ya RX 480 na volteji ishuke tena. Unapoteza fremu mbili tatu, joto na kelele vinaanguka. Mleta uzi mwenyewe ameeleza kwa nini: kiwandani waliikaza kupita inavyopenda.

#11 – Mleta uzi

Naunga mkono kwa asilimia zote. 580 iliyoshushwa volteji ni kadi nyingine. Bado haiifikii 1660 Super kwa fremu kwa wati, na 1660 Super nayo inaweza kupunguzwa, ila inatoka kwenye kundi la majiko.

Kabla hamjaenda kununua, mambo ya kuangalia, maana hizi zote ni kadi za enzi za kuchimba sarafu. Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, mzigo ukamwagika sokoni dunia nzima, na mwingi wake ndio huu tunaoukuta madukani. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, wachimbaji wengi walishusha volteji ya chipu. Kilichochoka ni feni, pedi za joto na wakati mwingine memori, kwa sababu memori ndiyo waliyoikaza. Ukiwa dukani omba iwashwe, fungua GPU-Z (programu ya kuonyesha sifa za kadi), kisha iendeshe FurMark (programu ya kuitesa kadi) dakika kumi ukiangalia joto na vidoti vya ajabu kwenye skrini. Muuzaji akisema hana muda, na wewe huna hela.

Kwa 580, soma mstari wa Shaders kwenye GPU-Z, ndio idadi ya koa. Ukiona 2304 sawa. Ukiona 2048, hiyo ni RX 580 2048SP, toleo lililoanzia China mwaka 2018, ambalo kiuhalisia ni RX 570 iliyobadilishwa jina. Zipo nyingi mno mtandaoni, na tangazo linaandika RX 580 8GB tu, basi. Si kadi mbaya, ila ilipiwe bei ya 570. Zingatia pia BIOS, programu iliyo ndani ya kadi yenyewe: mchimbaji akiwa ameibadilisha, draiva zinaweza kugoma au gemu kuanguka. Baadhi ya 580 zina swichi ndogo pembeni yenye BIOS mbili, jaribu upande wa pili kabla hujaikataa.

Kwa 1660, soma aina ya memori. Kuna GTX 1660 ya kawaida yenye koa zile zile 1408, ila ni GDDR5 inayopitisha GB 192 kwa sekunde badala ya 336. Kwa macho zinafanana kabisa. GPU-Z ikisema GDDR5, hiyo si Super hata kama stika inasema Super.

#12

Asanteni kwa elimu. Mimi sichezi sana, narekodi gemu za mdogo wangu na kustrimu YouTube. Hapo ipi?

#13 – Mleta uzi

Dada kwa kazi hiyo usijiulize mara mbili, 1660 Super. Ina kisimbaji cha video cha Turing, NVENC, kimekaa pembeni ya koa za gemu, kwa hiyo ukirekodi fremu hazianguki sana. Na kwa intaneti zetu ambazo kasi ya kupakia ni ya kuombea, ubora wa picha kwenye biti chache ndio unaotafutwa. Kisimbaji cha H.264 cha 580 hapo kinatoa ukungu ukungu kwenye nyasi za uwanja wa FC. Kama unatumia OBS (programu ya kurekodi na kustrimu), chagua NVENC kwenye setingi za kutoa, usiiache kwenye x264, la sivyo prosesa ndiyo itabebeshwa mzigo.

#14

Swali la mwisho kaka, monita yangu ni ile ya zamani ya VGA tu. Nikinunua hiyo 1660 Super waya utaingia?

#15 – Mleta uzi

Hautaingia, na kwa 580 ni vile vile. Zote hazitoi mawimbi ya analogi. Hata zenye DVI ni DVI-D, kwa hiyo kile kiadapta cha bei chee cha DVI kwenda VGA hakitafaa. Nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani. Kisha ukishachomeka, hakikisha waya unatoka kwenye kadi na siyo kwenye mazabodi. Usicheke, utashangaa ni wangapi wanakuja humu kulalamika kadi haina nguvu kumbe wanachezea Intel HD, ile picha ya ndani ya prosesa.